Maumivu Yasiyo na Mtumaji

Dawa za sonona zikiachwa ghafla, mwili huzidai. Kwa nyingi kati ya dawa hizo, siku mbili tatu baada ya kidonge cha mwisho huanza kizunguzungu, kichefuchefu, jasho la usiku, hasira za karibu, machozi yanayokuja bila kuitwa, na usingizi mwepesi uliojaa ndoto nzito. Juu ya hayo lipo jambo moja ambalo wagonjwa wa nchi zisizojuana hulieleza kwa namna ileile: kama umeme mdogo unaokatiza kichwani, hasa macho yanapogeuka upande. Wengi hupona ndani ya wiki chache. Wachache husumbuka kwa miezi.

Jambo hili si geni. Daktari wa Uswisi Roland Kuhn alieleza kazi ya imipramini mwaka 1957, na kufikia 1959 zilikuwa zimeshatoka ripoti za wagonjwa walioteseka walipoiacha. Hata hivyo vitabu vya tiba viliendelea kwa miongo kuandika kwamba dalili hizo ni hafifu na huisha zenyewe baada ya wiki moja au mbili. Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Akili cha Uingereza kilibadili msimamo wake hadharani mwaka 2019 tu, baada ya wagonjwa kulalamika kwa miaka kwamba waliambiwa wanajidanganya. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa 2024 yalikuta dalili za namna hii kwa watu 31 katika kila 100 walioacha dawa. Walioacha vidonge bandia, visivyo na dawa yoyote ndani, nao walizipata: 17 katika kila 100. Dalili kali ziliwafika takribani watatu katika kila 100. Ile 17 inastahili kukumbukwa, maana inaonyesha kwamba mtu anayeyangoja maumivu huweza kuyapata hata pasipo kitu cha kuyaleta.

Chanzo chake kinaeleweka kwa kiasi. Dawa nyingi za kundi hili huzuia kibebeo kinachorudisha serotonini ndani ya seli za neva, na ubongo ukikaa miezi katika hali hiyo hujipanga upya kuizoea. Dawa ikiondolewa kwa siku moja, mpango mpya unabaki bila kile ulichopangiwa. Ndiyo maana hupunguzwa polepole, na huo upole una hesabu yake. Mark Horowitz, daktari kutoka Australia ambaye mwenyewe aliteseka alipojaribu kuacha, pamoja na mwenzake David Taylor, walionyesha mwaka 2019 kwamba kipimo na nguvu yake haviendi sambamba. Sitalopramu ya miligramu 20 hushika karibu asilimia 80 ya vibebeo hivyo. Miligramu 5 bado hushika karibu asilimia 60. Anayeshuka kutoka 20 hadi 10 anapoteza kidogo, ilhali anayeshuka kutoka 5 hadi sifuri anaruka sehemu kubwa ya ngazi. Hatua za mwisho ni ndogo mkononi na kubwa kichwani, na mtu aliyeteremka salama miezi minne hushangaa kuangushwa na nusu kidonge.

Hadi hapo ni habari ya famasia. Linakuwa suala la falsafa, na papo hapo la dini, pale mgonjwa anapouliza: maumivu haya yananiambia nini? Daktari mwenye haraka atamjibu kwamba ugonjwa umerudi. Mhubiri mwenye haraka atasema imani imetetereka, au adui amepata mwanya. Mgonjwa naye usiku wa manane hujijibu kwamba hii ndiyo hali yake ya kweli, dawa ilikuwa imeifunika tu kama jamvi juu ya shimo. Watatu hao hawakubaliani kwa lolote isipokuwa moja: wote wanayasoma maumivu kama barua. Barua ina aliyeituma na ina ujumbe. Gumu kulikubali ni kwamba sehemu kubwa ya maumivu ya kuacha dawa haina ujumbe wowote kuhusu nafsi, dhambi au imani ya anayeumwa.

Ugumu huo unaonekana wazi katika mahali kama Dunga, kijiji cha wavuvi kusini mwa jiji la Kisumu kwenye Ghuba ya Winam, kati ya kinamasi cha mafunjo na mabanda ya kula samaki. Magazeti ya Kenya huuita ugonjwa wenyewe unyogovu au mfadhaiko, Watanzania husema sonona. Kijaluo kina kuyo, yaani huzuni, na parruok, mawazo yanayozunguka bila kutua. Maneno yapo, na dawa zimefika. Hospitali ya Kaunti ya Kisumu ilikuwa kituo cha utafiti mkubwa, wenye washiriki zaidi ya 2,000, uliolinganisha fluoksetini na tiba ya mazungumzo kuhusu mahusiano ya mgonjwa na watu wake, vyote vikitolewa na wahudumu wasio madaktari bingwa. Amitriptilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, iko katika maduka mengi ya dawa. Kilichopungua ni namna ya kuzungumza juu ya kuziacha.

Katika fikra za Waluo wa zamani, maradhi yasiyo ya kawaida huwa na mwenyewe. Wasomi wawili wakubwa walibishana kuhusu jambo hili. Mwaka 1961 mwanahistoria Bethwell Ogot aliandika juu ya jok akiiona kuwa nguvu moja ya kiroho iliyo nyuma ya vitu vyote. Okot p'Bitek, katika kitabu chake cha 1971 kuhusu dini ya Waluo wa Kati upande wa Uganda, alikataa katakata: kwa maelezo yake palikuwa na majok wengi, na kila mmoja alitambulika kwa maradhi aliyoyaleta. Mabishano hayo ni ya wataalamu, lakini Okot ana jambo linalomgusa mgonjwa wa leo. Kulijua jina la jok kulikuwa nusu ya tiba, kwa sababu mwenye jina huitwa, husihiwa, hufukuzwa. Upande wa Kenya kuna chira, kukonda na kudhoofika kunakofuata kuvunjwa kwa mwiko. Huko aliyekosa anajulikana, au hutafutwa hadi ajulikane. Ukristo ulipoingia haukuiondoa kanuni hii, uliwabadilisha watumaji. Dhambi ikachukua nafasi ya mwiko, Shetani akachukua nafasi ya majok kadhaa, na swali likabaki palepale: nani ameleta?

Mfano mmoja ni usiku wa nyawawa. Upepo ukitoka ziwani, mtu mmoja huanza kugonga bati. Jirani anaitikia kwa sufuria, mbwa wanabweka, mwingine anapiga mlango wa chuma kwa mwiko wa ugali, na ndani ya dakika chache ufuo mzima unalia hadi nyawawa, pepo wanaosemwa kupita kutoka majini, wasogezwe mbele, ambako kijiji kinachofuata nacho kimeshaanza kugonga. Wapo wanaocheka kesho yake, na sufuria zao zina mibonyeo. Katika usiku kama huo, mtu aliye siku ya tatu bila kidonge, anayesikia umeme ukimpita kichwani kila anapogeuza shingo kitandani, hana haja ya kufundishwa maana ya anachokisikia. Kijiji kizima kinamweleza.

Ndoto nazo zina mzigo wake. Dawa nyingi za sonona hupunguza ile sehemu ya usingizi ambamo ndoto huja. Zikiondolewa, sehemu hiyo hurudi kwa kishindo, na kwa wiki kadhaa mtu huota ndoto ndefu zenye rangi na sauti, mara nyingi za waliokufa. Daktari wa London anaweza kuziita kero. Ziwani, ambako mtoto hupewa jina la babu aliyejitokeza kwa ndoto, na ambako makanisa ya Roho na Legio Maria huzipokea ndoto kama njia halali ya Mungu kusema na watu wake, hakuna anayeweza kuzipuuza kirahisi. Haifai pia kuwaambia waumini hao kwamba ndoto zote ni kemia. Busara ni ndogo zaidi ya hapo: mtu anayepunguza dawa asifanye uamuzi mkubwa kwa ndoto za wiki hizo. Hata kanisa linaloamini ndoto lina desturi ya kuzipima kabla ya kuzifuata.

Kuna historia nyingine, ya karibu zaidi, inayoufanya ufuo huu kuwa mgumu kwa mtu anayetaka kuacha dawa kwa utaratibu. Eneo hili la Nyanza lilijifunza maana ya kidonge cha kila siku kutokana na Ukimwi. Dawa za kurefusha maisha zilipoenea katika miaka ya 2000, fundisho lilikuwa moja na lilirudiwa na wauguzi, redio na wahudumu wa afya wa vijijini hadi likaingia damuni: usiache dawa. Fundisho hilo limeokoa maisha mengi mno. Lakini liliacha majina mawili tu ya mtu aliyeacha. Ama ni mkaidi aliyepotea kliniki, anayetafutwa nyumbani kwake kwa faili, ama ni mtu wa muujiza. Mwaka 2011 Tanzania ilitoa mfano mkubwa wa hilo la pili, pale maelfu ya watu, Wakenya wakiwamo, walipopanga foleni katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Baadhi walirudi nyumbani wakaweka vidonge vyao kando. Miaka 12 baadaye miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, na nchi nzima ikajiuliza mahubiri ya kukataa hospitali huishia wapi.

Dawa ya sonona haikai vizuri katika mgawanyo huu. Si ya maisha kwa kila mtu. Wengi waliopona kipindi chao cha kwanza wanaweza kuiacha baada ya miezi sita hadi tisa ya nafuu, kwa mpango na mtoa huduma. Mtu wa namna hiyo si mkaidi, wala hana muujiza wa kuonyesha. Anamaliza dawa kama mtu anavyoteremka kilima. Hana jina, na asiye na jina hupewa lolote lililo karibu.

Halafu wapo wanaoacha bila kuchagua, na pengine hao ndio wengi kuliko wote. Serikali hufunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaliane. Mama anayenunua omena kwa debe, akaianika juu ya nyavu na kuiuza katika soko la Kibuye, katika miezi hiyo huhesabu upya kila shilingi, na kidonge kisicho na homa wala kidonda cha kukitetea ndicho cha kwanza kuachwa. Kituo cha afya nacho huishiwa. Mtu huyo hapunguzi polepole. Dawa inakatika siku ambayo pesa imekatika. Kumhubiria subira ni kumkosea. Anachohitaji ni kujua mapema kwamba atakayoyasikia wiki ijayo yana sababu ya kawaida, na kwamba vidonge vichache vilivyobaki vingemfaa zaidi kwa mteremko mfupi uliopangwa na mhudumu kuliko kumezwa vyote kama kawaida hadi kimoja cha mwisho.

Fluoksetini ina tabia inayolitatiza suala la ushuhuda kupita kiasi. Tofauti na dawa nyingi za kundi lake, hutoka mwilini kwa mwendo wa kobe: yenyewe na kitu kinachozaliwa nayo ndani ya ini hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Kwa sababu hiyo huleta dalili chache, na zile zinazokuja huchelewa. Sasa mtu aende kwenye mkutano wa injili uwanjani, aombewe, aitupe dawa jioni ileile. Jumapili ya kwanza ni mzima. Ya pili pia. Ya tatu anasimama mbele ya kanisa na kutoa ushuhuda, na kila neno lake ni la kweli: aliacha, na hajaumwa. Wakati huo dawa bado imo ndani yake ikifanya kazi. Wiki ya sita, anapoanza kulia akiosha vyombo, hakuna anayekumbuka kidonge. Kinachokumbukwa ni ushuhuda, na aliyeutoa anajiona mwongo mbele ya Mungu na watu. Wengine hujificha nyumbani kwa aibu hiyo, si kwa ugonjwa.

Kosa hapa halikuwa maombi. Lilikuwa katika umbo la ushuhuda wenyewe, ambao unadai tarehe: nilikuwa hivi, siku fulani nikagusika, sasa niko hivi. Kupunguza dawa hakuna siku ya namna hiyo. Kuna Jumanne nyingi zinazofanana.

Hata hivyo Ukristo una uponyaji usiolingana na umbo hilo, na umetokea ufuoni pia. Injili ya Marko, sura ya nane, inasimulia habari za kipofu wa Bethsaida, mji wa wavuvi kando ya ziwa la Galilaya. Yesu alimtoa nje ya kijiji, akamgusa, akamuuliza anaona nini. Kuona kulikuwa kumerudi nusu: watu walionekana kwake kama miti inayotembea. Ikabidi aguswe mara ya pili. Mathayo na Luka, waliochukua mengi kutoka kwa Marko, hawakukichukua kisa hiki, na wafafanuzi wengi hudhani kiliwapa shida. Msomaji wa Kijaluo ana jambo la ziada la kutafakari hapo, kwa sababu kwake yath ni mti na yath ni dawa, neno moja. Alichokiona yule mtu katika hatua ya kati, wakati hajapona wala si kipofu tena, ni kitu ambacho kwa Kijaluo hushiriki jina na dawa. Huenda ni bahati ya lugha tu. Lakini kipindi cha katikati kimo katika maandiko, na aliyekuwa ndani yake hakukaripiwa kwa kutoona vizuri.

Eliya naye anafaa kutajwa, kwa kuwa kisa chake katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19, mara nyingi husomwa haraka. Nabii aliyechoka analala chini ya mretemu akiomba afe. Malaika hamkemei wala hamuulizi dhambi yake. Anampa mkate uliookwa na maji, anamwacha alale, anarudi kumpa tena. Maswali yanakuja baadaye sana, mlimani, baada ya safari ya siku 40. Mpangilio huo wa chakula, usingizi, chakula tena, ndipo mazungumzo, ungeweza kuandikwa na muuguzi mzuri wa afya ya akili.

Waislamu wa Kisumu wana hazina yao katika suala hilihili. Al-Ghazali, katika sehemu ya kitabu chake Ihya inayohusu tawakkul, yaani kumtegemea Mungu, alilijadili swali hili waziwazi: je, anayekunywa dawa amepungukiwa na tawakkul? Alijibu kwamba hapana, maana sababu nazo zimewekwa na Aliyeziumba. Kisha, kwa uaminifu wa mwanachuoni, akaeleza kwa nini baadhi ya wema waliiacha dawa, bila kuufanya uamuzi wao kuwa sheria kwa wengine. Alikuwa na haki ya kusema. Mwaka 1095, akiwa mwalimu mashuhuri kuliko wote Baghdad, ulimi wake ulikwama; hakuweza kufundisha, chakula hakikushuka, na matabibu waliinua mikono wakisema shida imeanzia moyoni. Alichukua zaidi ya miaka kumi kabla ya kurudi kufundisha. Hakuna anayeweza kusema kwa uhakika leo alikuwa na ugonjwa gani, na kumpachika sonona kwa umbali wa miaka 900 ni ujasiri usio na kazi. Kinachojulikana ni kwamba mwanafikra mkubwa wa imani hakurudi kazini kwa haraka.

Linabaki swali la nafsi, ambalo huwatesa zaidi wasomi na vijana. Peter Kramer, daktari wa Marekani, alisimulia katika kitabu chake cha 1993 habari za mgonjwa aliyempa jina la Tess, ambaye miezi kadhaa baada ya kuacha fluoksetini alirudi na kulalamika kwamba si yeye tena. Mtu aliyeishi miaka mingi bila dawa na miezi michache nayo alijitambua katika ile michache. Wapo wanaosema kinyume, kwamba dawa iliwafanya wageni kwao wenyewe, imepunguza kilio na kicheko pia, na wanaiacha ili warudi nyumbani. Pande zote mbili zinachukulia kwamba ndani kabisa kuna mimi mmoja wa kweli anayesubiri kifuniko kiondolewe. Wiki za kuacha dawa ndizo wakati mbaya kuliko wowote wa kumtafuta, kwa sababu anayejitokeza wiki hizo, mkali, mwenye machozi, asiyelala, hakuwapo kabla ya dawa wala hatakuwapo baadaye. Ni mtoto wa mpito.

Ng'ambo ya ziwa hilihili, katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, watafiti waliotaka kupima sonona vijijini walianza kwa kuuliza watu wenyewe huiitaje. Wakapewa maneno mawili ya Kiganda: yo'kwekyawa, kujichukia, na okwekubazida, kujihurumia. Tiba waliyoijaribu, matokeo yake yakachapishwa 2003, ilikuwa ya vikundi vilivyokutana kila wiki kuzungumza juu ya misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha, bila kidonge, na ilifanya kazi vizuri sana. Mafunzo yake kwa suala la nafsi yanazidi yale ya tiba. Wanakijiji wale hawakusema ugonjwa umemfunika mtu. Walisema umemgeuza dhidi ya nafsi yake, na watu wengine wakamsaidia kugeuka tena. Mwanafalsafa D. A. Masolo, Mkenya aliyeandika mengi kuhusu mtu na jamii, angeona hapo jambo analolifahamu: kuwa mtu ni kazi inayofanywa pamoja na wengine, na haiishi. Kwa mtazamo huo, anayepunguza dawa hachimbui mimi aliyezikwa. Anaendelea kujengwa, na katika wiki mbaya, anahitaji mashahidi wanaomkumbuka.

Ushahidi huo una upande wa vitendo. Dalili za kuacha dawa na ugonjwa unaorudi hutofautiana kwa namna tatu zinazoweza kuonekana na mtu wa nyumbani. Za kuacha huja mapema, siku chache baada ya kipimo kushuka, isipokuwa kwa fluoksetini. Huwa na alama za mwili ambazo sonona yenyewe haikuwa nazo, kama ule umeme na kizunguzungu. Na hupungua haraka kipimo cha awali kikirudishwa, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili. Ugonjwa hurudi taratibu, kwa wiki na miezi, na huja na sura yake ya zamani. Mwenye kuumwa hawezi kuyapima haya akiwa peke yake kwa sababu kipimo anachotumia ni kilekile kilichoyumba. Dada, mume au jirani anayeandika kwenye daftari la shule tarehe, kipimo na hali ya siku kwa maneno matatu manne anafanya kazi kubwa kuliko anavyodhani.

Kupunguza kwenyewe hufanywa kwa hatua zilizokubaliwa na daktari au afisa wa kliniki, kwa kawaida hatua moja kila wiki mbili hadi nne, na kila hatua ikiwa ndogo kuliko iliyotangulia. Siku mbaya zikizidi, mtu hukaa palepale au hupanda hatua moja. Haongezi mwendo ili amalize mateso haraka, kosa ambalo hufanywa sana na watu majasiri. Kuruka siku, leo kumeza kesho kuacha, huwasumbua wengi kwa dawa zinazotoka mwilini haraka, kwani ni kuanza kuacha upya kila baada ya saa 48. Tabu ya Dunga ni ya ukubwa wa vidonge. Fluoksetini hupatikana zaidi kwa kapsuli ya miligramu 20, na dawa ya maji, inayowezesha kipimo kidogo, ni adimu na ghali. Kidonge cha amitriptilini hukatwa kwa wembe juu ya kisahani, nusu moja hutoka kubwa na nyingine hubaki vumbi, na mkataji huamua kulamba vumbi au kulipuliza. Mfamasia mwenye subira anaweza kupanga njia bora kuliko hiyo, na mara nyingi hajaulizwa.

Kazi nayo ina hesabu yake. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na mvuvi mwenye kizunguzungu anayesimama ukingoni mwa mashua kuvuta wavu yuko hatarini kuliko karani mwenye kizunguzungu ofisini. Hatua ya kupunguza huwekwa afadhali mwanzoni mwa mbalamwezi, boti zinapopumzika. Pombe, hasa chang'aa inayonywewa kwa ajili ya usingizi, huharibu usingizi uleule unaotafutwa. Na mawazo ya kujiua yakija, kipindi cha kupunguza kimekwisha kwa sasa. Huo ni wakati wa kwenda hospitali usiku huohuo, na mtu asiende peke yake. Zamani wengine waliogopa kusema kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinapingana na Katiba.

Wapo watakaopunguza vizuri na bado ugonjwa urudi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2021 uliwafuatilia watu 478 waliokuwa wametumia dawa kwa miezi tisa au zaidi na kujiona wazima kiasi cha kufikiria kuacha. Baada ya mwaka mmoja sonona ilikuwa imewarudia 56 katika kila 100 ya walioacha, na 39 katika kila 100 ya walioendelea. Wakosoaji waliuliza, kwa haki, ni wangapi kati ya wale 56 waliokuwa na dalili za kuacha tu, zikahesabiwa kuwa ugonjwa. Hata watafiti wenye daftari zuri hawaepuki shida ya kusoma barua isiyoandikwa. Hata hivyo takwimu hizo zinasema mambo mawili kwa pamoja: kuendelea na dawa hakumlindi kila mtu, na karibu nusu ya walioacha walibaki wazima. Wale waliorudiwa wengi hurudi kwenye kipimo chao cha zamani. Baadhi hujaribu tena baada ya mwaka, kwa hatua ndogo zaidi, na baadhi hukaa na kidonge chao kama watu wengine wa ufuo huo wanavyokaa na cha shinikizo la damu.